Kuwahudumia Wazee, Wagonjwa wa Kudumu na Wengine Walio Hatarini Mtaani Wakati wa Mlipuko: Mwongozo Kamili

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba UVIKO-19 umefikia kiwango cha janga la dunia, ishara ya kwanza iliyoonekana katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki ilikuwa ndoo ya maji yenye koki mbele ya kila duka. Ndoo hizo zilikuwa na kazi yake, lakini hazikumfikia bibi anayeishi peke yake katika chumba cha uani, wala hazikumpelekea dawa za presha mtu aliyeacha kwenda kliniki kwa kuogopa foleni. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: aliye hatarini wakati wa mlipuko hahatarishwi na kirusi peke yake, bali pia na kukatika kwa mambo ya kawaida yaliyokuwa yakimweka hai, yaani dawa, mlo, kliniki na mtu wa kumjulia hali. Kazi kubwa ya majirani ni kuhakikisha kwamba mambo hayo hayakatiki.

Maelezo yanayofuata yanahusu magonjwa yanayoenea kwa njia ya hewa, kama UVIKO-19 au mafua makali. Mlipuko ukiwa wa Marburg, kama uliotokea mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, au wa Ebola, sehemu inayohusu kumuuguza mgonjwa nyumbani haifai hata kidogo, kwa sababu magonjwa hayo huambukiza kwa kugusana na majimaji ya mwili. Hapo mgonjwa asiguswe, maiti isioshwe na ndugu, na watu wa afya waitwe mara moja. Nchini Tanzania namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199, na nchini Kenya namba iliyotumika wakati wa UVIKO-19 ilikuwa 719.

Hatua ya kwanza: andikeni daftari

Kabla ya kuchangisha hata shilingi moja, kaeni na mwenyekiti wa mtaa, mabalozi wa nyumba kumi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mpitie nyumba moja baada ya nyingine. Watu wanaopaswa kuandikwa ni wazee wa miaka 60 na zaidi, wenye kisukari, shinikizo la damu, pumu, ugonjwa wa moyo, figo, saratani au selimundu, wanaotumia dawa za VVU au za kifua kikuu, wajawazito na waliojifungua karibuni, watu wenye ulemavu, wenye kifafa au maradhi ya akili, pamoja na watoto wanaolelewa na bibi au babu. Kuna kundi jingine ambalo orodha za serikali za mitaa hulisahau mara nyingi, nalo ni wapangaji wa muda, wafanyakazi wa ndani na wageni waliohamia karibuni, ambao balozi hawajui hata majina. Waulizeni wenye nyumba na wauza genge, kwa kuwa hao ndio wanaojua nani amekuja na nani hajaonekana siku tatu.

Kila mtu apewe ukurasa wake. Ukurasa mzuri husomeka hivi: "Mlango wa bluu, nyuma ya msikiti. Mama, miaka 74. Presha na sukari. Anaishi na wajukuu wawili. Vidonge vinaisha tarehe 18. Kadi ya bima ipo kwenye kabati la vyombo. Mwanawe yuko Mwanza, namba yake ipo hapa chini. Sikio la kushoto halisikii. Asibishiwe hodi wakati wa alasiri." Maelezo ya namna hii humwezesha mtu mwingine kushika zamu kesho bila kuanza upya.

Siri ya mgonjwa ni jambo la kusimamiwa kwa ukali. Msiandike popote kwamba mtu fulani ana VVU. Inatosha kuandika "dawa za kila siku" na tarehe ya kurudi kliniki, na asiyetaka kutaja ugonjwa wake asilazimishwe. Daftari litunzwe na mtu mmoja anayeaminika, na kurasa zake zisipigwe picha wala kutumwa katika kundi la WhatsApp la mtaa. Ninasisitiza hili kwa sababu mtu akishatangazwa mara moja, hatafungua mlango tena, na jirani yake mwenye siri kama hiyo hataufungua pia.

Hatua ya pili: gawaneni nyumba

Mtu mmoja wa kujitolea anaweza kushughulikia nyumba tano hadi nane bila kuchoka haraka. Wachaguliwe vijana na watu wazima wenye afya njema, ambao nyumbani kwao hakuna mzee au mgonjwa wa kudumu, na kila nyumba iwe na watu wawili wanaofahamika, mmoja wa kawaida na mmoja wa akiba. Ni heri sura ileile irudi kila mara, kwa kuwa mzee huzungumza na mtu aliyemzoea, na mtu aliyemzoea ndiye atakayegundua kwamba leo sauti imebadilika.

Fedha zikipatikana, ziandikwe pale pale zinapoingia na zinapotoka, na anayepokea msaada asaini au aweke dole gumba. Kikundi cha VICOBA, jumuiya ya kanisa au kamati ya msikiti huwa tayari na mweka hazina na utaratibu wake, na ni rahisi kuutumia huo kuliko kuanzisha mwingine. Waelezeni wazee mapema kwamba hakuna mtu wa kikundi atakayewaomba namba ya siri ya simu ya fedha kwa kisingizio cha kuwatumia msaada. Matapeli hupenda sana nyakati za hofu.

Hatua ya tatu: namna ya kutembelea na kuuliza

Mpige hodi mkiwa nje, mrudi nyuma hatua mbili au tatu, na mzungumze mlangoni au barazani penye hewa, mkiwa mmevaa barakoa inayofunika pua na mdomo. Salamu isipungue heshima: shikamoo inatosha bila kushikana mikono, ingawa wazee wengi watahisi wamedharauliwa msipowaeleza siku ya kwanza kwamba mkono haunyooshwi kwa ajili ya kuwalinda wao.

Desturi yetu ya kujibu "sijambo" au "salama" hata kukiwa na shida inamaanisha kwamba salamu haitawapa habari yoyote. Vivyo hivyo, mzee akiulizwa kama amekula, atajibu kwamba amekula, kwa kuona haya. Muulizeni maswali yasiyojibika kwa neno moja: "Bibi, jana usiku ulikula nini?" "Babu, vidonge vya asubuhi vimebaki vingapi? Naomba nivione." "Choo ulikwenda lini?" "Ukitembea mpaka bombani, pumzi inakuwaje?" Tazameni pia kama jiko limewashwa leo, kama miguu imevimba na kama mtu aliyekuwa akivaa nadhifu sasa bado amevaa nguo zilezile za juzi.

Kiziwi anayesoma midomo hawezi kuwaelewa mkiwa na barakoa, basi mwandikieni au mtumie mtu anayejua lugha ya alama akiwa mbali kidogo. Asiyeona anategemea kugusa vitu na kushikwa mkono, kwa hiyo yeye na anayemwongoza waoshe mikono kabla na baada, na fimbo nayo isafishwe.

Hatua ya nne: dawa zisikatike

Katika daftari lenu, tarehe ya dawa kuisha ndiyo tarehe muhimu kuliko zote. Wekeni utaratibu wa kushughulikia dawa siku kumi kabla hazijaisha, kwa sababu wakati wa mlipuko maduka huishiwa, usafiri hubadilika na kliniki hupunguza siku. Pigeni simu zahanati au kituo cha afya muulize kama mtu mwingine anaweza kuchukua dawa kwa kadi ya kliniki ya mgonjwa, na kama mgonjwa aliye thabiti anaweza kupewa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Kwa dawa za VVU, kliniki nyingi za tiba na matunzo hutoa za miezi mitatu, na hata sita, kwa wanaoendelea vizuri. Mwenye kifua kikuu asikatishe dozi hata kama amepata nafuu, na mwenye kifafa asiache dawa ghafla, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Mwenye kisukari anayetumia insulini anahitaji uangalizi wa pekee. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, isiwekwe kamwe kwenye friza, na iliyoganda itupwe. Iliyofunguliwa inaweza kutumika kwa takribani wiki nne ikiwa mahali pasipozidi nyuzi 30, jambo ambalo si rahisi katika vyumba vya bati vya Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari. Pasipo jokofu, chukueni chungu kidogo cha udongo, mkiweke ndani ya chungu kikubwa, mjaze mchanga mbichi katikati, mfunike kwa kitambaa chenye maji na mkiweke kivulini panapopita upepo. Chupa ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Mchanga ukikauka, ubaridi nao unakwisha, kwa hiyo umwagiliwe asubuhi na jioni.

Mgonjwa huyo akipata homa asiache insulini kwa sababu tu hawezi kula vizuri, kwani homa huelekea kupandisha sukari. Apime mara nyingi zaidi, anywe maji, na amuulize mtoa huduma kuhusu kipimo cha dawa. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka: apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji kama anaweza kumeza, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, akimbizwe hospitali.

Kwa mwenye selimundu, homa ni dharura tangu siku ya kwanza, hata kama kila mtu mtaani ana homa. Kwa mjamzito, kutokwa damu, kuumwa kichwa sana na kuona maluweluwe, kuvimba uso, au mtoto kupunguza kucheza ni sababu za kwenda kituoni hata usiku wa manane. Mtu mdomo ukimpinda, mkono mmoja ukalegea au maneno yakavurugika, hicho ni kiharusi, na kila saa inayopita inamgharimu. Waelezeni watu waziwazi kwamba hofu ya kuambukizwa hospitali haipaswi kuwazuia katika hali hizi.

Hatua ya tano: chakula, nishati na fedha

Fungu la chakula lipangwe kulingana na anayelipokea. Sembe, sukari na soda za kopo ni mzigo kwa mwenye kisukari. Mpeni dona, maharage au kunde, mboga za majani, mayai na dagaa. Mwenye presha asipelekewe ng'onda wala dagaa waliotiwa chumvi nyingi. Mzee asiye na meno anahitaji unga wa uji wa lishe. Kisha ulizeni habari ya mkaa au gesi, kwa maana maharage ni chakula kinachotaka moto wa saa nyingi, na nimeona magunia ya maharage yakikaa pembeni ya majiko yaliyozimika. Wanaostahili malipo ya serikali, kama ya TASAF au Inua Jamii, wasaidiwe kuyafuatilia na kusindikizwa siku isiyo na msongamano.

Msipige picha za watu wakipokea unga. Mfadhili akitaka uthibitisho, mwonyesheni ukurasa wa saini bila majina.

Hatua ya sita: nyumba yenye watu wengi

Ushauri wa kumtenga mzee katika chumba chake hauna maana kwa familia ya watu saba yenye vyumba viwili. Kinachowezekana ni kumpa mzee nafasi iliyo karibu na dirisha, kulala kichwa kikielekea miguu ya jirani yake, kuacha madirisha na mlango wazi kadiri usalama unavyoruhusu, na kuhamishia barazani shughuli zote za kukaa pamoja: kula, kusuka, kupiga soga. Hewa inayopita inafaa kuliko dawa yoyote ya kupuliza. Anayerudi kutoka kazini au sokoni aoshe mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 au zaidi kabla ya kumkaribia mzee, na mwenye dalili avae barakoa ndani ya nyumba. Kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa na kufungwa kamba inayokanyagwa kwa mguu, hutumia maji kidogo na hakishikwi na kila mkono.

Dawa ya kusafishia yenye klorini ya asilimia 3.5 ichanganywe kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji ili kupata mchanganyiko wa asilimia 0.1 wa kufutia vitasa, meza na swichi. Isinywewe, isipuliziwe watu, na isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia.

Hatua ya saba: mtu akiugua

Homa na kikohozi si lazima viwe ugonjwa wa mlipuko. Malaria ipimwe mapema, na kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Mwenye dalili nyepesi anaweza kuuguzwa nyumbani na mtu mmoja tu, mwenye afya, wote wawili wakivaa barakoa wanapokuwa chumba kimoja. Apumzike, anywe maji, supu na uji, na mara kadhaa kwa siku akae kitako na kutembea chumbani. Paracetamol ya miligramu 500 kwa mtu mzima ni vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa saa 24, na mzee mdogo wa mwili au mwenye ugonjwa wa ini apewe pungufu kwa ushauri wa mtoa huduma. Diclofenac na dawa nyingine za maumivu za jamii yake zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hivyo wenye maradhi hayo waziepuke.

Wakati wa UVIKO-19 watu wengi walinunua dexamethasone dukani baada ya kusikia kwamba inaokoa maisha. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba iliwafaa waliohitaji oksijeni hospitalini, na haikuwafaa ambao hawakuihitaji. Kwa mwenye kisukari nyumbani, inapandisha sukari vibaya. Antibayotiki nazo haziui virusi. Kuhusu kupiga nyungu, mvuke hauui kirusi kilichomo mwilini, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza watoto na wazee, mbali na kuwabana pumzi wenye pumu. Anayependa chai ya tangawizi anywe chai yake.

Muuguzaji aandike hali ya mgonjwa asubuhi, mchana na usiku. Kama kikundi kina kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kiwekeni kwenye kidole kisicho na hina, piko wala rangi ya kucha, mkono ukiwa na joto, mkisubiri mpaka namba itulie. Ikiwa chini ya 94, pigeni simu kwa mtoa huduma. Ikiwa chini ya 90, ni dharura. Namba nzuri isiwadanganye kama mgonjwa anahema kwa shida, kwa sababu kipimo hicho huweza kuonyesha zaidi ya ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Pasipo kipimo, hesabuni pumzi kwa dakika nzima mgonjwa akiwa ametulia: mtu mzima akifika 30, mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, au wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, apelekwe. Dalili nyingine ni kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, maumivu ya kifua, midomo kubadilika rangi, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida. Mzee anaweza asiwe na homa kabisa, na dalili yake ya kwanza ikawa kuweweseka au kukataa chakula.

Usafiri wa kumpeleka upangwe kabla haujahitajika. Dereva mmoja wa bajaji au teksi aliyekubali, namba yake, nauli iliyowekwa akiba na madirisha yatakayofunguliwa njiani, vyote viandikwe daftarini. Mfuko wa mgonjwa uwe na kadi ya bima, kadi ya kliniki, dawa zake zote, chaja na khanga mbili. Mama anayenyonyesha akiugua aendelee kunyonyesha, akivaa barakoa na kuosha mikono.

Hatua ya nane: chanjo na uvumi

Tanzania ilizindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani, na Kenya ilikuwa imeanza mwezi Machi mwaka huohuo. Hata hivyo, kwa mzee anayetembelea mkongojo, kikwazo mara nyingi ni nauli na kusimama juani, wala si uvumi. Ombeni kituo kiwatengee saa ya asubuhi au kije mtaani, na mtu awatazame waliochanjwa kwa siku mbili, kwani homa na maumivu ya mkono hutokea. Mwenye wasiwasi asikilizwe mpaka amalize, ndipo ajibiwe na mtu anayemheshimu, awe muuguzi mstaafu, shehe au mchungaji.

Hatua ya tisa: upweke, ukatili na misiba

Simu ya dakika tano kila siku kwa saa ileile humtuliza mzee kuliko ziara ndefu isiyotabirika, na vocha ya simu ni msaada halali kabisa wa kuandikwa katika bajeti. Kuna pia ukatili: watu wakizuiwa kutoka nyumbani, anayepigwa hufungiwa ndani pamoja na anayempiga. Waliojitolea wajue kwamba namba ya kuwasaidia watoto ni 116, Tanzania na Kenya, na kwamba 1195 inahudumia waathirika wa ukatili wa kijinsia nchini Kenya. Na wasimhoji mtu mbele ya anayemwogopa.

Msiba ukitokea, mwulizeni afisa afya kuhusu kuosha na kuzika, kwa maana utaratibu hutegemea ugonjwa. Kwa magonjwa ya njia ya hewa, sala ifanyike nje, tanga lifupishwe, chakula kigawiwe cha kubeba, na wazee watoe pole kwa simu. Mfiwa asiachwe peke yake baada ya siku ya tatu. Aandikwe daftarini hata kama hakuwamo.

Hatua ya kumi: waliojitolea, na wimbi likishuka

Mwenye dalili asiende zamu, hata kama hakuna wa kumpokea. Kila mmoja apate angalau siku moja ya mapumziko kwa wiki, na kikao kifupi cha wiki kifanyike nje ili watu waseme yaliyowalemea.

Maambukizi yakipungua, ziara zipunguzwe taratibu, mkianza na wenye afya bora. Waliougua wafuatiliwe kwa miezi michache, kwa sababu uchovu, kukosa pumzi na usahaulifu vinaweza kuendelea na kumrudisha mtu kliniki. Wagonjwa wa kudumu wakabidhiwe kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa ridhaa yao. Kurasa zisizohitajika tena zichomwe moto mbele ya wajumbe wawili, na kipimo cha oksijeni, ndoo na fedha zilizobaki viorodheshwe na kukabidhiwa kwa maandishi, nakala moja ikae zahanati na nyingine kwa mwenyekiti wa mtaa.